Ngoma, mizimu na siasa: Terence Ranger na historia isiyokaa bungeni

Muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza walioipokea Tanganyika kutoka kwa Wajerumani walianza kuandikiana barua kuhusu ngoma. Ngoma kwa jumla hazikuwasumbua zaidi ya makelele yake ya usiku. Hii ilikuwa na vyeo. Ilikuwa na mfalme, majenerali na makapteni, wachezaji walivaa sare na kupiga paredi kama askari, na mwanachama aliyehamia mji mwingine aliwakuta huko wenzake wa ngoma ileile, wakampokea na kumsaidia. Kwa ofisa aliyetoka vitani juzi tu, mtandao wa namna hiyo ulinuka siasa. Ngoma yenyewe ilikuwa Beni, na vyama vyake viwili vikubwa vilijulikana kama Marini na Arinoti.

Je, ilikuwa siasa kweli, au ilikuwa ngoma tu? Mwanahistoria aliyelichukua swali hilo kwa uzito alikuwa Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu ya Beni. Si kitabu chake mashuhuri. Wanafunzi wa historia duniani wanamjua kwa kazi mbili nyingine: ile ya 1967 kuhusu vita vya 1896 na 1897 huko Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, na sura yake ya 1983 kuhusu mapokeo yaliyobuniwa na ukoloni. Mimi naona kazi hizo mbili zilikosea kwa njia zinazopingana. Ya kwanza iliwapa Waafrika umoja mkubwa kuliko waliokuwa nao, na ya pili iliwapa wakoloni uwezo mkubwa kuliko waliokuwa nao. Katikati yake, kile kitabu kidogo cha ngoma kilikuwa kimeshika mizani vizuri zaidi. Kuona kwa nini, inabidi kumfuata Ranger hatua kwa hatua, maana mawazo yake yalibadilika kila alipohama, na alihama sana.

Mfukuzwa anafika Dar

Alizaliwa London mwaka 1929. Utafiti wake wa udaktari huko Oxford haukugusa Afrika. Ulimhusu Richard Boyle, Mwingereza aliyevuka kwenda Ireland mwishoni mwa karne ya 16 bila mali ya maana, na akafa mwaka 1643 akiwa lodi mwenye mashamba makubwa. Walowezi, ardhi iliyobadilisha mikono kwa nguvu, madhehebu yanayochukiana, serikali iliyo ng'ambo ya bahari: aliyeyasoma hayo Ireland hakuwa mgeni kabisa aliposhuka Rhodesia ya Kusini mwaka 1957 kufundisha katika chuo kikuu kipya cha Salisbury, yaani Harare ya leo.

Chuo kilipokea wanafunzi wa rangi zote, lakini mji uliokizunguka ulitenganisha watu hotelini, sinemani na kwenye mabwawa ya kuogelea. Ranger na mkewe Shelagh wakaingia katika kampeni za kupinga ubaguzi huo. Wakati mmoja alisukumwa bwawani na Mzungu aliyechukizwa na harakati zake, kisa kilichosimuliwa juu yake maisha yake yote. Alijiunga pia na vyama vya wazalendo wa Kiafrika, NDP na baadaye ZAPU. Mwanzoni mwa 1963 serikali ya walowezi ikamfukuza nchini.

Dar es Salaam ikampokea. Chuo kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Idara ya historia ilipaswa kuanzishwa. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na kufikia mwisho wa muongo huo idara hiyo ilikuwa imekusanya watu ambao majina yao bado yapo kwenye orodha za vitabu vya lazima: John Iliffe, Isaria Kimambo aliyeandika historia ya Wapare, Arnold Temu, Gilbert Gwassa, na kuanzia 1966 Walter Rodney. Oktoba 1965 chuo kilikuwa mwenyeji wa kongamano kubwa la kimataifa la wanahistoria wa Afrika. Serikali ilikuwa mpya, shule zilihitaji vitabu vipya vya historia, na ukumbi uleule wa mhadhara ulikuwa na kijana ambaye miaka michache baadaye angekuwa katibu mkuu wa wizara. Hali hiyo si ya kusahau tunapowahukumu. Hawakuandika wakiwa wametulia pembeni ya mambo.

Mzimu unapofanya kazi ya chama

Vitabu vya kikoloni vilikuwa na maelezo mepesi kuhusu vita ambavyo Waafrika walipigana na wavamizi: ni milipuko ya hasira iliyochochewa na waganga, haina mpango, haina kesho. Ranger aliligeuza jambo hilo juu chini. Kama waganga walikuwa pale kila mara, alisema, basi tuulize walikuwa wakifanya kazi gani.

Rhodesia ilimpa mfano. Mwezi Machi 1896 Wandebele waliinuka dhidi ya kampuni ya Cecil Rhodes, wakati sehemu kubwa ya polisi wake ilikuwa imepelekwa kwenye uvamizi ulioshindwa huko Transvaal. Mwezi Juni Washona wakafuata. Sababu hazikuwa siri: ng'ombe walionyang'anywa, kodi ya nyumba, kazi ya kulazimishwa, kisha sotoka iliyoteketeza ng'ombe waliobaki. Kitendawili kilikuwa kingine. Wandebele na Washona hawakuwa watu wa mfalme mmoja, na Washona wenyewe walikuwa na watawala wengi wadogo wadogo. Wazungu walikuwa wakijiaminisha kwamba Washona wana furaha kuokolewa kutoka kwa Wandebele. Iweje nao waingie vitani?

Jibu la Ranger katika kitabu cha 1967 lilikuwa dini. Alionyesha makuhani wa Mwari, Mungu aliyesemekana kunena kutoka mapangoni katika milima ya Matopos, na miongoni mwao mtu aliyeitwa Mkwati. Upande wa Washona alionyesha wale waliopagawa na mizimu ya mababu, hasa Kaguvi na mwanamke aliyeitwa Charwe, ambaye mzimu wake ulikuwa Nehanda. Wakoloni waliwanyonga wote wawili mwaka 1898. Kwa Ranger watu hao walikuwa viungo. Mamlaka yao hayakuishia kwenye mpaka wa chifu fulani, kwa hiyo ujumbe na imani viliweza kupita mahali ambapo amri ya mtawala isingepita. Kwa maneno mengine, dini ilifanya kazi ambayo baadaye ingefanywa na chama.

Msomaji wa Tanzania anajua mara moja mfano mwingine. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kabla ya hapo walikuwa wamemiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupata maji ya kuwakinga na risasi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mapema Agosti, lakini maji yalikuwa yameshasambaa, na vita vikaenea kusini yote hadi Ungoni. Iliffe na Gwassa walikuwa wakiuchunguza Maji Maji palepale Mlimani, na mifano hiyo miwili, wa Rhodesia na wa Tanganyika, ililishana. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitumwa kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Kinjeketile, iliyotoka 1969, ilizaliwa katika hewa hiyohiyo ya chuo.

Mwaka 1968 Ranger akaenda hatua moja zaidi. Katika makala iliyosomwa sana alidai kwamba kuna uzi unaounganisha vita vya mwanzo dhidi ya wakoloni na vyama vya ukombozi vya miaka ya 1950. Wazo hilo halikuwa geni kwa wanasiasa. Nyerere mwenyewe, akizungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alikuwa ameueleza Maji Maji kama mwitikio wa watu waliokataa haki ya Mzungu kuwatawala. Ranger aliipa hoja hiyo miguu ya kitaaluma: nyaraka, mifano kutoka nchi kadhaa, na maelezo ya namna kumbukumbu ya vita inavyoweza kuishi ndani ya dini hadi kizazi kingine.

Lawama hazikukawia. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper, waliokuwa wakifundisha Makerere, waliwashutumu wanahistoria wa Dar kwamba wanaitafutia taifa jipya nasaba. Kwao, kilichoandikwa Mlimani kilikuwa itikadi iliyovaa joho la utafiti. Ranger alijibu mwaka uliofuata, akikana kwamba idara ile ilikuwa na msimamo mmoja. Kuhusu hilo alikuwa na haki. Rodney na Iliffe hawangeweza kukubaliana hata juu ya ajenda ya kikao. Miaka kumi baadaye Temu, akiwa na Bonaventure Swai, naye aliirudi historia ile ya kizalendo, safari hii kutoka upande wa kushoto: mmesifu ushujaa, mmesahau tabaka na uchumi.

Pigo zito lilitoka kwa waliorudi kwenye nyaraka zenyewe. Mwaka 1977 Julian Cobbing alihoji kama makuhani wa Mwari waliongoza vita vya Wandebele hata kidogo. Aliona uongozi ukiwa mikononi mwa wakuu wa kifalme waliobaki. Miaka miwili baadaye David Beach akaonyesha kwamba Washona hawakuinuka kwa mpango mmoja wala usiku mmoja. Habari ilisambaa kutoka bonde hadi bonde, na kila mtawala alipima mambo yake kabla ya kuamua. Maji Maji nayo imepitia tanuri hilohilo. Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, alitutoa kwenye maji na kutupeleka mashambani: njaa, nguruwe mwitu waliokula mazao baada ya uwindaji kuwekewa masharti, wanawake walioachiwa kazi ya kulinda mashamba. Baadaye James Giblin na Jamie Monson walikusanya tafiti zinazoonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi wake na sababu zake za kuingia vitani au kubaki nje.

Hapa pana fundo linalowachanganya wengi, kwa hiyo nilifungue. Wakosoaji hawakusema kwamba dini haikuwa na maana. Walisema kwamba imani kuenea ni jambo moja na amri kuenea ni jambo jingine. Watu wa mabonde kumi wanaweza kunywa maji yaleyale na kila bonde likapigana vita vyake. Ranger alikuwa ameona imani imeenea akadhani ameona uongozi. Tena swali alilouliza, "ni nini kiliwaunganisha?", lilikuwa tayari limebeba nusu ya jibu. Mwanafunzi anayemhoji mzee mwaka 1968, miaka saba baada ya uhuru, kuhusu umoja wa makabila, ana nafasi kubwa ya kusimuliwa umoja wa makabila. Baadaye Ranger mwenyewe alikubali sehemu kubwa ya marekebisho hayo, na alirudi Matopos kuandika upya habari za mapango yale katika kitabu cha 1999.

Jando la askofu

Akiwa bado na mawazo ya Dar, Ranger alifanya utafiti mwingine ambao hautajwi sana na unastahili kutajwa. Ulihusu Masasi.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, Vincent Lucas, aliyeiongoza kuanzia 1926, alijulikana Uingereza kwa wazo moja la kijasiri kwa wakati wake: badala ya kupiga marufuku jando, Kanisa lilichukue. Vijana wa Kikristo wakatahiriwa na kufundwa porini kama wenzao, ila kukawa na sala na padri, na yale ambayo Kanisa halikuyataka yakaondolewa.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama busara ya Mzungu mmoja mwenye moyo mpana. Ranger aliuliza nani hasa aliyefanya kazi. Ikaonekana kwamba bila walimu, mapadri na wakuu wa Kiafrika wa Masasi, wazo la Lucas lingebaki kwenye karatasi. Jando lilikuwa jambo la heshima na mamlaka: nani analiitisha, nani anasimamia, watoto wa nani wanaingia kwanza. Kanisa liliingia ndani ya siasa hiyo, na wenyeji wakalitumia Kanisa katika mashindano yao kama Lucas alivyotaka kulitumia jando. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa mafunzo yao yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee na wanaume wa Kanisa hawakuwa na mlango wa kupitia.

Utafiti huu ulitoka mwaka 1972 katika kitabu cha historia ya dini za Kiafrika ambacho Ranger alikihariri pamoja na Kimambo. Hauna taifa ndani yake, wala shujaa anayeelekea uhuru. Ndani yake mna watu wa wilaya moja wanaogombania heshima kwa kutumia vitu vilivyopo, vya zamani na vya kigeni. Ndiyo njia iliyomfikisha kwenye Beni.

Marini, Arinoti na swali la kuiga

Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Pwani ilikuwa na mashindano ya mitaa tangu zamani. Lamu ina Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Watu walishindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa karamu za kufilisiana, kila upande ukitaka kuuaibisha mwingine kwa ukarimu. Wakoloni walipofika na bendi za matarumbeta, gwaride na vyeo, vijana wa mashindano hayo wakavichukua. Mombasa ikapata Kingi na Scotchi. Tanganyika ikapata Marini, iliyowavuta zaidi watu wa mjini wenye kisomo na nasaba, na Arinoti, iliyowavuta zaidi vibarua na watu wa chini.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliitoa Beni pwani na kuipeleka mbali. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walihama nayo, na walioponea wakarudi nayo kwao. Nyasaland, Malawi ya leo, ikazaa ngoma ya malipenga. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikaitwa mbeni, na huko ikachangia kuzaliwa kwa kalela, ngoma ambayo mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliiandikia mwaka 1956.

Sasa turudi kwa maofisa na barua zao. Maelezo yalikuwa mawili, na yote yalikuwa mabaya. Waliochukia Beni, wakiwemo wamisionari wengi na baadhi ya wazee wa pwani, waliona vijana wanaomwiga Mzungu kama kasuku. Waliotishwa nayo waliona jeshi la siri. Msomi mzalendo wa miaka ya 1960 angeweza kuongeza la tatu: hii ni kejeli, wanamcheka mkoloni, ni upinzani uliojificha.

Ranger hakununua hata moja jumla jumla, na hapo ndipo nampa heshima yangu. Alisema tuanze na kile wachezaji walichokifanya. Walizika wafu wao. Walimsaidia mgonjwa. Walimpokea mgeni aliyeshuka kutoka treni mjini asikojua mtu. Walitafuta sifa na kuwashinda wapinzani wao wa mtaa wa pili. Sare na vyeo vya Kizungu vilikuwa alama za nguvu za zama zile, na watu wanaoshindana huchukua alama za nguvu zinazotambuliwa na kila mtu, kama vile babu zao walivyochukua vitambaa na vilemba vilivyoletwa na majahazi. Umbo lilikuwa la Kizungu. Kazi ya umbo hilo ilikuwa ya Kiswahili tangu kabla Mzungu hajatia nanga.

Kwa hiyo ilikuwa siasa au haikuwa? Ilikuwa siasa ya mtaa, ya heshima na uongozi. Haikuwa chama cha uhuru kilichojificha, na Ranger alikataa kuilazimisha iwe hivyo, ingawa ndiye yuleyule aliyeandika makala ya 1968. Hata hivyo mtandao uliojengwa kwa ajili ya jambo moja unaweza kubeba jambo jingine siku ikifika. Wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma mwaka 1935, na polisi wakaua watu sita huko Luanshya, uchunguzi wa serikali uligusa pia vyama vya mbeni, kwa kuwa habari za mgomo zilikuwa zimepita katika njia zao. Waliokuwa wakicheza Jumapili walikuwa na viongozi wanaojulikana, namna ya kuitana na desturi ya kutii mpangilio. Hayo ndiyo mahitaji ya mgomo.

Uzito wa njia hii ya kufikiri ulionekana zaidi kwa waliomfuata, nao walijaza pengo ambalo Ranger aliliacha wazi, yaani wanawake. Mwaka 1979 Margaret Strobel alichapisha utafiti kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, akionyesha vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyoshindana sambamba na Beni ya wanaume na kuwafundisha wanawake uongozi na utunzaji wa fedha. Susan Geiger, mwaka 1997, alionyesha kilichotokea Dar es Salaam kuanzia 1955. TANU ilipomhitaji mtu wa kuwaleta wanawake chamani ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, naye akapita kwa wenzake wa vikundi vingine vya ngoma. Kadi za TANU ziliuzwa kwa wingi katika mtandao huo. Bila swali la Ranger kuhusu Beni, jambo hilo lingebaki mapambo ya wasifu wa Bibi Titi: "alikuwa pia mwimbaji". Laura Fair kuhusu Zanzibar ya Siti binti Saad na Kelly Askew kuhusu muziki na dola Tanzania bara ni wa ukoo huohuo.

Nani aliyebuni kabila?

Ranger aliondoka Dar mwaka 1969 kwenda Los Angeles, akahamia Manchester mwaka 1974, na kuanzia 1987 hadi 1997 alikuwa profesa Oxford. Kipindi cha Manchester ndicho kilichomletea umaarufu wa dunia. Mwaka 1983 yeye na mwanahistoria mwenzake Eric Hobsbawm walihariri kitabu kilichodai kwamba mapokeo mengi yanayodhaniwa ni ya kale, yakiwemo ya ufalme wa Uingereza, yalitengenezwa karne moja au mbili tu zilizopita. Sura ya Afrika aliiandika Ranger.

Hoja yake ilikuwa kali. Wakoloni walikuja na mapokeo yao mapya, ya jeshi, ya shule za bweni, ya ibada za kifalme, wakayatumia kujitangaza mabwana. Kisha wakaiandikia Afrika "mila" zake. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa wa ukoo fulani, mteja wa mtawala mwingine, mfuasi wa mzimu wa tatu, na kuhamia kwingine mambo yakiharibika. Afisa alipofika na daftari aliuliza kabila moja, chifu mmoja, sheria moja ya mila. Waliojibu walikuwa na maslahi: wazee dhidi ya vijana, wanaume dhidi ya wanawake, machifu dhidi ya raia wao, wenyeji dhidi ya wahamiaji. Kilichoandikwa kikawa mila, na mila ikawa sheria. Tanganyika ilipata dozi yake chini ya Gavana Donald Cameron, aliyewasili 1925 na kuanzisha utawala kupitia wakuu wa kienyeji. Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya 1979, alikuwa ameshaliona jambo hilo pande zote mbili: Wazungu waliamini kwamba Waafrika wana makabila, na Waafrika wakayajenga makabila ya kuwa ndani yake.

Nusu ya pili ya kauli ya Iliffe ndiyo iliyopungua katika sura ya Ranger. Beni imo katika sura ile, lakini uzito umehamia kwa anayebuni, na anayebuni mara nyingi ni Mzungu. Wasomaji waliokuwa na haraka wakatoka na fomula rahisi kwamba kabila ni uongo wa mkoloni. Fomula hiyo ingali inatembea mitandaoni, na kila mara kuna mtu anayeitumia kumwambia mwenzake kwamba mila anazoziheshimu hazikuwepo kabla ya 1890.

Mwaka 1993 Ranger alijirudi kwa maandishi. Alikiri kwamba neno la kubuni linadokeza mtu mmoja, siku moja, kazi imekwisha. Ukweli ulikuwa mchakato mrefu wa watu wengi, wamisionari waliosanifisha lugha, walimu wa Kiafrika waliowafundisha watoto kuisoma, vibarua waliokutana mgodini na kugundua ni nani wanaelewana naye, wazee waliogombana juu ya nani mwenye haki ya kutawala. Wote walikuwa wakiiwazia jamii yao upya, kila mmoja kwa sababu zake. Mwaka 2003 Thomas Spear alikaza zaidi: mkoloni hakuweza kubuni chochote anachotaka, kwa sababu mila isiyotambulika na wenyewe haitiiwi, na utawala wenye maofisa wachache ulihitaji kutiiwa. Ukilisoma hilo kisha ukarudi kwenye Mkomani na Langoni, utaona Ranger alikuwa ameshaliandika mwaka 1975 bila kulipa jina.

Zimbabwe inaporudisha kitabu

Vita vya msituni vya miaka ya 1970 vilikuwa vimeitwa Chimurenga ya pili, neno la Kishona lenye maana ya mapambano, na vile vya 1896 vikawa ya kwanza. Nehanda aliimbwa kambini. Uzi ambao Ranger alikuwa ameuchora kwenye makala ukawa wimbo wa vita. Mwaka 1985 alichapisha utafiti wa wilaya ya Makoni uliofuatilia wakulima, wapiganaji na mizimu yao, na Norma Kriger baadaye alimpinga akisema wakulima walibanwa na wapiganaji mara nyingi kuliko walivyoshawishika. Mwaka 2000 yeye, Jocelyn Alexander na JoAnn McGregor walitoa historia ya wilaya za Matabeleland Kaskazini ambamo ukatili wa jeshi la serikali huru katika miaka ya 1980 umeandikwa waziwazi.

Baada ya kustaafu Oxford alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe hadi 2001. Ndiyo miaka ambayo serikali ya Mugabe ilianza kuhubiri Chimurenga ya tatu, ya ardhi, na kufundisha historia nyembamba ya mashujaa na wasaliti. Ranger aliitazama historia hiyo na kuyatambua baadhi ya matofali yake. Mwaka 2004 aliandika makala akijaribu kuitenganisha historia ya kizalendo aliyoshiriki kuiandika na hii ya chama tawala. Ya kwanza, alisema, ilikuwa pana na iliruhusu maswali. Ya pili inamtaka kila mtu athibitishe uaminifu. Ni makala ya kweli na yenye uchungu, ingawa sikubali kwamba mpaka ni safi kama alivyoutaka. Denoon na Kuper walikuwa wameionya idara ya Dar kuhusu jambo linalofanana na hilo miaka 34 kabla. Mei 2021, miaka sita baada ya Ranger kufariki Oxford, Rais Mnangagwa alizindua sanamu ya Nehanda katikati ya Harare.

Kitabu chake kikubwa cha mwisho cha historia, cha 2010, hakina Nehanda. Kinahusu mji wa Bulawayo hadi mwaka 1960: vitongoji, mavazi, ngoma, moto na ugomvi wa mitaani, na kiliandikwa kwa kujibu riwaya ya Yvonne Vera, mwandishi wa mji huohuo. Kinawasogelea wale vijana wa Lamu na Dar kuliko kitu chochote alichokiandika katikati.

Anayeanza kumsoma leo ningemwelekeza kwanza kwenye Beni ya 1975, kisha Masasi, ambayo ni fupi na inasomeka jioni moja. Sura ya 1983 isisomwe bila marekebisho ya 1993. Kitabu cha 1967 kisomwe mwisho, pamoja na Cobbing na Beach mezani, na kalamu mkononi kwa ajili ya maswali pembezoni.